Kabla Hujalipa Ada, Ulizia Pampu

Dada mmoja, afisa afya mazingira katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa, Tanzania, alinipigia simu usiku. Baada ya shikamoo na habari za watoto akasema, "Kaka, nimepata barua tatu za masta. Moja ya hapa nyumbani, moja ya Kenya, moja ya Ulaya. Ada ya nyumbani ndiyo ndogo. Si ndiyo niende?"

Nikamwuliza, "Idara zao zina pampu ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Pampu za maji?"

Sikuwa na maana ya pampu za maji. Nilimwelezea kile ambacho mimi mwenyewe ningeshukuru kuelezewa kabla sijatoa hata senti moja. Anayesoma afya ya mazingira na kazi hukutana mapema au baadaye na kidude cha ukubwa wa ngumi kinachofungwa kwenye mkanda wa mfanyakazi. Mrija mwembamba hupanda mgongoni, ukapita begani, ukaishia kwenye kola, karibu na pua na mdomo. Mwisho wa mrija pana kikasha cha plastiki chenye chujio jeupe la mviringo. Pampu huvuta hewa, tuseme lita 2 kwa dakika, zamu nzima ya saa 8. Ni lita 960. Jioni unavua kifaa, unakihakiki tena kama mtiririko haukubadilika, halafu chujio linapelekwa kwenye mizani inayosoma uzito mdogo kuliko punje ya chumvi. Tofauti ya uzito wa asubuhi na wa jioni ndiyo vumbi lililokuwemo kwenye hewa hiyo, ile aliyokuwa akiivuta yule mtu. Mtiririko ukiwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 5, sampuli hiyo unaitupa na siku yako imekwenda.

Fani yote imesimama juu ya kazi ya namna hii: kupima, kutafsiri kipimo, kisha kumwambia mwenye kiwanda afanye nini. Ndiyo maana naona watu wengi wanalinganisha vyuo kwa kitu kisicho sahihi. Wanaweka karatasi tatu za ada mezani na kuchagua iliyo fupi. Ada ni gharama, sikatai, lakini kwa mtu aliye kazini mara nyingi si gharama kubwa kuliko zote, na haikuambii unanunua nini.

Tufanye hesabu ya huyu dada. Tuseme mshahara wake ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Akiacha kazi kwa miezi 24 bila malipo, amepoteza 28,800,000. Hata kama ada ya chuo ni milioni 5 kwa mwaka, jumla milioni 10, mshahara uliokosekana ni karibu mara tatu yake. Weka tarakimu zako mwenyewe na utaona picha haigeuki sana. Kwa hiyo mtumishi wa umma asianzie kwa msajili wa chuo, aanzie kwa afisa utumishi wake. Jina lake limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka? Ruhusa ya masomo atakayopewa ni ya kuendelea kulipwa mshahara au la? Mkataba wa kurudi kazini unamfunga kwa muda gani? Barua moja ya mwajiri inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko skolashipu ya ada. Aliye kampuni binafsi aulize mapema kama mwajiri atakubali asome wikiendi au jioni, maana masomo yanayochukua miaka mitatu huku mshahara unaingia huwa nafuu kuliko ya miaka miwili ukiwa nyumbani bila kipato. Na hata mwenye ruhusa yenye malipo akumbuke kwamba posho za safari za kikazi husimama. Kwa maafisa wengi wa halmashauri hizo ndizo zinazolipa ada za watoto.

Kisha kuna tasnifu. Hapo ndipo bajeti za watu huvunjika, kwa sababu karatasi ya ada huandika neno "utafiti" na kiasi kidogo mbele yake, kana kwamba utafiti ni kuchapisha dodoso.

Chukua utafiti wa kawaida kabisa: vumbi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa au mashine za nafaka. Wafanyakazi 40, kila mmoja apimwe mara mbili, kwa kuwa vumbi la Jumatatu si la Alhamisi. Ni sampuli 80. Ongeza machujio 8 ya kuhakikishia kwamba hakuna uchafu ulioingia njiani, zinakuwa 88. Tuseme maabara inatoza shilingi 60,000 kwa chujio: ni 5,280,000. Sasa turudi kwenye pampu. Chuo kikikupa pampu 5, unapima watu 5 kwa siku na kazi inakwisha kwa siku 16. Kikikupa 2, ni siku 40. Gesti na chakula chako na cha msaidizi wako tuseme ni 50,000 kwa siku. Siku 16 ni 800,000, siku 40 ni milioni 2. Bado kuna nauli, bado meneja wa kiwanda ambaye wiki ya tatu anaanza kuwachoka, bado msimu wa kahawa unaweza kwisha kabla hujamaliza. Pampu tatu tu zimekugharimu 1,200,000 na pengine msimu mzima.

Ukitaka kujua si vumbi kiasi gani tu bali silika, yale madini ya mawe na mchanga, kiasi gani ndani yake, hesabu inapanda tena. Mara nyingi silika hupimwa kwa mashine za miale ya eksirei ambazo si kila nchi inazo kwa ajili ya kazi hii, na wanafunzi wengi huishia kutuma machujio ng'ambo. Hapo unalipia maabara ya nje, kuna usafirishaji, kuna kusubiri. Jambo hili si dogo kwetu. Silika ndiyo inayowaharibu mapafu wachimbaji wa Mererani na kuwaweka kwenye hatari kubwa ya kifua kikuu, na hospitali ya Kibong'oto kule Siha imekuwa ikiwapokea kwa miaka. Mwanafunzi anayetaka kuwasaidia anahitaji kujua kabla ya kujisajili kama chuo kina mkataba na maabara ya silika na nani atalipa.

Mimi niliumia hapo. Kipeperushi cha chuo nilichosoma kilikuwa na picha ya maabara nzuri, mtu kavaa koti jeupe, vifaa vimepangwa. Nilipofika kwenye tasnifu nikaambiwa kifaa cha kuhakiki mtiririko wa hewa kimepelekwa kwa fundi. Bila hicho, pampu ni pambo. Nilisubiri miezi mitano. Kila mwezi nililipa kodi ya chumba, na muhula uliofuata nikalipa ada ya kuendelea kuwa mwanafunzi ingawa sikuwa na darasa hata moja. Kiwanda kilichokuwa kimenikubalia kikabadilisha meneja, nikaanza upya kuomba. Hakuna aliyenidanganya kwa maneno. Mimi ndiye sikujua cha kuuliza, na naandika haya ili mwingine ajue.

Kwa hiyo nyumbani, je? Chuo Kikuu cha Muhimbili kina shahada ya uzamili ya afya ya mazingira na kazi, na nguvu yake ipo mahali ambapo karatasi ya ada haionyeshi. Kwa miaka mingi watafiti wake wamefanya kazi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, kupima vumbi la makaa ya mawe, la mkonge, la saruji na la kahawa, na kelele za viwanda vya chuma, vyote hapa Tanzania. Maana yake mwanafunzi anaweza kumpata msimamizi aliyesimama mwenyewe kwenye sakafu ya kiwanda cha Kitanzania, anayejua mlango wa kugonga na namna ya kuzungumza na chama cha wafanyakazi. Hilo halinunuliki London. Kibali cha maadili nacho unakiomba ukiwa nchini, na ukitakiwa kufika mwenyewe kusukuma faili, unapanda daladala badala ya ndege.

Ila nyumbani kuna hatari yake, ya kujaribu kufanya kazi na kusoma kwa pamoja bila ruhusa rasmi. Nimewaona watu hodari wakikimbia kutoka ofisini hadi darasani, mwaka wa pili wakabaki na sapu mbili na tasnifu isiyoanza, wakawa wanalipa kila muhula kwa miaka. Ada ndogo ikilipwa mara tano si ndogo tena.

Kenya ina njia yake. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, pale Juja, kina shahada ya uzamili ya usalama na afya kazini iliyokaa upande wa nishati na teknolojia ya mazingira, si upande wa udaktari. Tofauti hiyo ni ya msingi. Ukiwa mhandisi au mkemia unayetaka kushika mitambo, uingizaji hewa na ukaguzi wa majengo, mkondo huo unakufaa. Ukiwa muuguzi, daktari au afisa afya unayetaka kuelewa ugonjwa ulivyoenea na kwa nini, mkondo wa shule ya afya ya jamii utakufaa zaidi. Watu huchanganya hizi mbili kwa sababu majina yanafanana, halafu wanajikuta kwenye darasa la takwimu za magonjwa wakati walitaka kujifunza feni za kuvuta vumbi.

Mtanzania au Mganda anayekwenda Kenya aulize mambo mawili ambayo hayamo kwenye tangazo: je, nitalipa karo ya raia wa Afrika Mashariki au ya mgeni? Na nikifanyia utafiti Kenya, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, nitalipia kiwango gani? Tangu 2017 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimetangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, lakini kila chuo kina karatasi yake, na unayopaswa kuiamini ni ile iliyo na jina lako juu. Mkenya naye asisahau HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo hutoa mikopo hata kwa wanaosoma uzamili.

Daktari aliye kazini anayetaka kubobea kwenye magonjwa ya kazi aitazame Cape Town. Chuo kikuu cha huko kina diploma ya uzamili ya afya kazini inayosomwa ukiwa kwako, unakwenda chuoni kwa vipindi vifupi tu. Kwa mtu mwenye kliniki au mkataba na mgodi, kutolazimika kufunga shughuli kwa mwaka mzima ndiyo nafuu yenyewe, hata ukilipa nauli ya ndege.

Ulaya sasa. Kuna fikra iliyozoeleka kwamba Skandinavia na Ujerumani ni bure. Fikra hiyo imechakaa. Norwe, iliyosomesha bure vijana wengi wa Kiafrika, ilianza kuwatoza ada wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2023. Uswidi ilikwishafanya hivyo tangu 2011, Ufini 2017. Ujerumani bado vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, isipokuwa hasa jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 linawatoza wanafunzi wa nje euro 1,500 kwa muhula. Lakini kutotozwa ada hakukupi viza. Ubalozi unataka kuona euro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo kila mwezi inakuachia 992 za kujikimu. Kiwango hicho kimewekwa tangu 2024. Tukikadiria euro moja kwa shilingi 2,900, ni zaidi ya milioni 34 na nusu zinazotakiwa kuwepo kabla hujapanda ndege. Pesa ni yako na utaila mwenyewe, ila wangapi wetu wanaweza kuikusanya kwa mpigo? Ndiyo sababu kwa Ujerumani mimi humwambia mtu aanze na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, na mpango wao wa masomo yanayohusu maendeleo, ambao hutaka angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza. Afisa afya wa halmashauri anayo hiyo. Mhitimu wa juzi hana.

Uingereza ina faida ya ufupi. Masta nyingi ni mwaka mmoja, kwa hiyo mshahara unaopotea ni nusu ya ule wa miaka miwili, na hilo linafidia sehemu ya ada kubwa. Lakini soma kodi za pembeni. Mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa mwaka kwa ajili ya huduma za afya, na kwa kuwa viza ya kozi ya miezi 12 huongezwa miezi kadhaa mwishoni, hutozwa mwaka mmoja na nusu: pauni 1,164, zote kwa pamoja, siku ya kuomba viza. Tangu Januari 2024 anayesoma masta ya darasani kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu aliweke hilo kwenye mizani pamoja na pauni, tena alitangulize. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hubeba gharama hizo zote, unataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na unakudai urudi nyumbani kwa miaka miwili.

Niongeze Turin. Kituo cha mafunzo cha Shirika la Kazi Duniani kilichopo mji huo wa Italia huendesha, pamoja na chuo kikuu cha huko, masta ya usalama na afya kazini ambayo sehemu kubwa husomwa kwa mbali, kisha unakwenda Turin kwa kipindi cha ana kwa ana. Huondoki kazini mwaka mzima. Kwa mkaguzi wa serikali au mtu wa chama cha wafanyakazi, nadhani hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunza mikataba na ukaguzi, hasa baada ya mwaka 2022 ambapo nchi wanachama wa shirika hilo ziliingiza mazingira salama ya kazi kwenye orodha ya haki za msingi. Kwa mtu anayetaka kushika pampu, si hapo.

Marekani inahitaji maelezo yake, maana ndiko bei zinakotofautiana hata ndani ya jengo moja. Idara moja ya afya ya mazingira na kazi huweza kutoa shahada mbili. Ya kwanza ni uzamili wa afya ya jamii, ambayo chini ya ithibati ya CEPH, baraza la elimu ya afya ya jamii, haipungui krediti 42. Uliza bei ya krediti moja, zidisha kwa 42, umepata ada. Ikiwa krediti ni dola 1,000, ni dola 42,000, na hiyo ni kabla ya chumba, chakula na bima. Wengi hujilipia. Ya pili ni uzamili wa sayansi, wenye tasnifu, ambako mwanafunzi mara nyingi huajiriwa kama msaidizi wa utafiti wa profesa, ada ikalipwa na posho ikaingia. Mlango ni mmoja, walimu ni walewale, tofauti ni makumi ya maelfu ya dola. Watu huiomba ile ya kwanza kwa sababu jina lake linajulikana zaidi.

Tena kuna vituo vipatavyo 18 vinavyofadhiliwa na NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama kazini iliyozaliwa na sheria ya Marekani ya 1970. Kimoja kipo Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kingine Minnesota. Hulipia ada na kutoa posho kwa wanaosomea usafi wa mazingira ya kazi, uuguzi wa kazi na tiba ya kazi. Lakini fedha hizo ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu. Mmoja wao ni msomaji wetu wa Minneapolis au Seattle, aliyefika kama mkimbizi kutoka Kivu au kwa bahati nasibu ya grini kadi kutoka Mombasa, anayefanya kazi ya zamu kwenye ghala au nyumba ya wazee na hajui kwamba fungu hili lipo na yeye anastahili. Ndugu yangu, kama una shahada ya kwanza ya sayansi, andikia kituo kilicho karibu nawe. Unayajua maumivu ya mgongo ya kunyanyua wagonjwa kuliko mwanafunzi yeyote aliyetoka sekondari moja kwa moja. Uliza tu kama fedha za mwaka huo zimekwishatolewa, kwa sababu Aprili 2025 serikali ya huko ilipunguza wafanyakazi wengi wa NIOSH na mambo yakayumba.

Kwa anayetokea nyumbani, Marekani imekuwa ngumu kwa sababu isiyohusiana na pesa. Burundi iliwekewa vikwazo vya viza, za wanafunzi zikiwemo, kwa tangazo la Juni 2025, na Tanzania ikaongezwa kwenye orodha kwa tangazo la Desemba mwaka huohuo, kuanzia 1 Januari 2026. Kabla hujalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na 185 za ombi la viza, ambazo ukinyimwa viza hazirudi, soma hali ilivyo wiki hiyo unayolipa.

Wapo watakaosema: mbona kuna intaneti? Ni kweli. Shule ya London ya usafi na tiba za kitropiki imesomesha kwa mbali kwa miaka mingi kupitia Chuo Kikuu cha London, na Tume ya Skolashipu za Jumuiya ya Madola ina ufadhili mahsusi wa masomo ya mbali. Nadharia, takwimu na sera vinasomeka vizuri hivyo, na mshahara hauguswi. Ila nikupe mfano wa kinachokosekana. Kipimo cha kelele cha kuvaa begani kina mpangilio unaouchagua mwenyewe kabla ya kukiwasha. Ukikiweka kwa kanuni ya NIOSH, desibeli 85 na hatua ya 3, yaani kila desibeli 3 zikiongezeka muda hukatwa nusu, kelele ya desibeli 100 inamruhusu mtu kukaa dakika 15. Ukikiweka kwa kanuni ya kisheria ya Marekani, 90 na hatua ya 5, kelele ileile inamruhusu saa 2. Kenya, kwa kanuni zake za 2005, inatumia 90. Aliyesoma kwa skrini anajua maneno haya. Aliyeshika kifaa anakumbuka kuangalia kimewekwaje kabla hajakipachika kwenye bega la mtu, na bega hilo lina masikio yasiyorudi yakishakufa. Ukisoma kwa mbali, basi tafuta mahali pa kushika vifaa, na hakikisha na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kabla hujalipa, kwamba shahada yenyewe itatambuliwa.

Na si kila mtu anahitaji masta. Hili nalisema nikijua linaweza kumuudhi aliyekwisha kufunga begi. Kijana anayelenga miradi ya ujenzi na mafuta Oman, Qatar au Emirati atakuta matangazo ya kazi yakitaja cheti cha kimataifa cha NEBOSH mara nyingi kuliko shahada ya pili. Ni mtihani wa kuandika unaofanywa vitabu vikiwa wazi, pamoja na tathmini ya hatari za mahali halisi pa kazi, na gharama yake haikaribii hata muhula mmoja wa Ulaya. Anayetaka kupima kwa mikono ana OHTA: kozi za siku tano tano, ile ya W501 ikiwa ya kupima vitu hatari hewani na W503 ya kelele, na vitabu vyake vya mafunzo hupakuliwa bure. Naam, bure. Mimi humwambia kila anayeniuliza asome kile cha W501 kwanza, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kujaza fomu yoyote. Kikimchosha kufikia sura ya tatu, ameokoa milioni nyingi. OSHA ya Tanzania, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nayo huendesha kozi fupi kwa maafisa usalama wa viwandani.

Masta ina mahali pake, nami nailinda. Anayetaka kufundisha, kutafiti, kukagua kwa niaba ya serikali, kuandika viwango au kukaa mezani ambapo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaamua kama pafu la mtu limeharibiwa na kazi au na sigara, anaihitaji. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu 2003, Uganda 2006, Kenya 2007. Sheria zipo. Wanaoweza kuthibitisha kwa kipimo kwamba zimevunjwa ndio wachache. Shirika la Kazi Duniani linakadiria karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi zao, wengi zaidi kwa magonjwa ya polepole kuliko kwa ajali, na ugonjwa wa polepole hauna shahidi mwingine zaidi ya kumbukumbu za vipimo vya miaka iliyopita.

Tulizungumza na yule dada hadi salio lake likakatika, nikampigia mimi. Mwishoni aliniambia nimtajie maswali ya kuuliza, akayaandika nyuma ya daftari la kaguzi za mabucha. Mna pampu ngapi zinazofanya kazi leo? Zilihakikiwa lini mara ya mwisho? Machujio yanapimwa wapi na nani analipa? Wanafunzi wa miaka mitatu iliyopita walichukua muda gani kumaliza tasnifu, na naweza kuzungumza na mmoja wao? Nikichelewa kwa sababu ya kifaa chenu, nitalipa ada ya muhula wa ziada?

Akazituma barua pepe tatu Jumatatu asubuhi, maneno yaleyale kwa vyuo vyote vitatu. Viwili vilimrudishia karatasi ya ada. Cha tatu kilijibu Jumatano. Fundi wa maabara mwenyewe ndiye aliyeandika, mistari sita, na picha ya kabati lililofunguliwa: pampu nane zimepangwa, mbili zina karatasi nyekundu iliyoandikwa "mbovu", na chini yake amesema vipuri vya hizo mbili vimeagizwa, na kwamba chumba cha mizani hufunguliwa hadi Jumamosi. Dada alinitumia picha ile bila maneno. Kesho yake alikwenda kwa afisa utumishi kuomba fomu ya ruhusa ya masomo.